Kisanduku Kinachokumbuka Kabla

Jumapili, 7 Januari 1996

Leo nimepata mwenzangu wa kulala naye ghalani. Kisanduku cha bati, rangi ya majivu, jicho moja jekundu dogo kama punje ya mtama. Hakipiki. Hakigombi. Hakikoromi. Nimeshaishi na wabaya kuliko huyu!

Kimeletwa na injinia wa chuo kikuu, kutoka Dar. Nilitegemea mzungu mwenye ndevu. Akashuka msichana, suruali ya mtumba, viatu vimebeba tope lote la Mbinga. Vitalia Gama. Mngoni wa Songea — mtani wangu! "Shikamoo babu." Nikaitikia, nikamwambia ninyi Wangoni zamani mlitujia na mikuki, leo mmekuja na waya, mmebakiza nini cha kuchukua? Akasema safari hii hawachukui kitu, wanakamata radi tu, Wamatengo rudini mapangoni mlikojificha. Ee! Huyu tutaelewana.

Radi! Na ghala lenyewe ndilo hili la chama cha ushirika. Lilikuwa linajaa makopa ya muhogo na mpunga mpaka mlango haufungiki. Siku hizi soko huria, wanunuzi wanaingia na malori yao mpaka uani kwa mtu. Ghala limebaki na popo, mizani iliyokufa, na mimi mlinzi. Nilikuwa nalinda giza. Sasa nalinda bati.

Jioni nimekaa mlangoni. Ng'ambo ya ziwa, upande wa Malawi, umeme unawaka na kuzimika bila sauti. Kama mtu anayekukonyeza toka mbali sana, hujui ni wewe au ni mwingine. Nikageuka. Jicho jekundu nalo likakonyeza. Kumbe wanajuana hao.

Jumanne, 9 Januari 1996

Injinia ananifundisha. Nimemwambia mimi niliishia darasa la nne kwa mapadri, na hilo la nne lenyewe nilichunga nguruwe wao zaidi ya kusoma. Akasema inatosha.

Basi iko hivi. Nje, juu ya mlingoti, ameweka sahani ya bati. Radi ikipiga, hata mbali, sahani inashtuka. Mshtuko unashuka na waya mpaka kisandukuni, kisanduku kinaugeuza kuwa namba. Namba, namba, namba — ukifumba jicho na kulifumbua zimepita nyingi kuliko dagaa usipa wa ziwa zima. Ukiziweka zote, diski inajaa kabla hujamaliza kupenga kamasi. Kwa hiyo hakiziweki. Kinazitazama tu zikipita, kama mimi ninavyotazama wanawake wakienda mtoni. Mpaka ije ile inayoruka kizingiti. Hapo kinaamka! Kinashika, kinaandika.

Kazi yote ya injinia ni hicho kizingiti. Kikiwa chini mno, kisanduku kinaamshwa na kila upuuzi. Kikiwa juu mno, radi inapita chenyewe kimelala fofofo.

Nikamwambia, mjukuu wangu, mbona kisanduku cha hivyo nilikioa! Marehemu mke wangu Hilda. Alilala mvua ikipiga bati. Alilala mbuzi wakipigana chini ya dirisha. Ngoma ya mganda inapita nje na matarumbeta yake — amelala. Lakini mimi nifunue sufuria ya samaki, polepole, kwa ncha ya kidole... "Kilian, weka chini!" Toka kitandani! Macho yamefumbwa!

Injinia akacheka mpaka akakaa sakafuni. Akasema huyo bibi alikuwa mashine ya juu kuliko zote, maana hakusikiliza ukubwa wa sauti. Alisikiliza sauti ni ya nini. Hiki chetu bado kinasikiliza ukubwa tu. Bado kijinga.

Nimefurahi. Hilda amesifiwa na chuo kikuu.

Jumamosi, 13 Januari 1996

Diski imejaa takataka! Kuna yule mfanyabiashara wa dagaa mwenye mashua ya injini. Kumbe kila cheche ya plagi yake, kisanduku kinadhani ni radi. Anapita, jicho linapepesa kama lina mchanga. Matone ya mvua nayo yakigonga sahani — linapepesa. Radi za kweli zilipokuja Alhamisi, zile za kupasua mlima, kisanduku kilikuwa kimeshashiba injini na matone. Hakikushika hata moja.

Injinia hajala tangu asubuhi. Amekaa na kompyuta yake ya kukunja, uso umekunjwa kuliko kompyuta.

Bonifasia ameleta mboga ya kisamvu. Huyu ni shemeji yangu, mdogo wake Hilda, nyumba yake iko hatua chache toka ghalani. Mjane. Ana mtoto mmoja tu, Meshack, mvuvi, kijana mzuri ila anachagua maneno kama anayatoa mfukoni. Bonifasia amechungulia kisanduku, akaniuliza shemeji, sasa umeoa bati? Nikasema angalau bati haliimbi nyimbo za Kianglikana alfajiri. Akasema ndiyo maana litadumu, halijui Mroma anavyonuka. Amemlazimisha injinia kula. Injinia amekula.

Jumatano, 17 Januari 1996

Sheria mpya! Injinia amekirekebisha. Hakiangalii tena ukubwa peke yake. Sasa kisanduku kinajiuliza mambo mawili. Kwanza: hiki kilichokuja sasa hivi, ni tofauti na hali ilivyokuwa punde? Maana injini ya mashua inarudia-rudia, mwishowe ni kawaida tu, kama mlevi wa kila siku — nani anageuka kumtazama? Pili: shahidi mwingine yuko wapi? Amefunga kitanzi cha waya upande wa pili wa ghala. Sahani ikisema "radi!" na kitanzi kikisema "radi!" kwa pamoja, ndipo kinaamka. Tone la mvua linagonga sahani tu, kitanzi hakijui habari zake. Uongo wa shahidi mmoja. Ningekuwa na sheria hiyo kijijini, nusu ya kesi za ugoni zingekufa.

Jioni radi ilipiga juu milimani, kama upande wa Ukata kwetu. Jicho likawaka mara moja. Injinia akarukaruka kama mtoto. Akanionyesha kwenye kompyuta — mstari mweupe, umetulia, umetulia, kisha unapanda ghafla kama mlima wa Matengo.

Nikamwuliza kitu. Kama kilikuwa kimelala mpaka radi ilipokiamsha, huu mstari uliotulia kabla ya radi umetoka wapi? Kilikuwa kimelala!

Akasema hapo ndipo utamu ulipo. Kisanduku kina tumbo dogo la pembeni. Kila namba inayopita kinaitia humo, na mpya inasukuma ya zamani nje. Daima kina kipande kidogo cha "punde tu". Radi ikikiamsha, hakiandiki radi peke yake, kinaandika na kile kipande cha kabla.

Nimeelewa. Ni kama mimi na tumbaku. Natafuna, natema, natafuna, natema. Mtu akinishtua ghafla — nameza iliyopo mdomoni.

Kwa hiyo kinakumbuka kilichotokea kabla hakijaamka.

Injinia ameenda kulala kwa Bonifasia. Mimi nimebaki na neno hilo. Kinakumbuka kabla hakijaamka.

Hilda alikufa mchana, baada ya kula. Mimi nimejilaza mkekani, yeye kando yangu ana ungo mapajani, anachambua mchele. Nikashtuka. Kilichoniamsha ni neno. Alisema neno, nina hakika. Nikafumbua macho — kichwa kimeegemea ukuta, ungo haujamwagika hata punje, amekwisha kwenda. Neno liliniamsha, lenyewe sikulisikia! Lilikuwa upande ule, kabla sijaamka. Nimelitafuta miaka yote hii. Huwa linakuja karibu, linasimama mlangoni kama mbuzi, nikigeuka halipo.

Kisanduku kingekuwa nalo.

Ijumaa, 19 Januari 1996

Kilabuni kwa Mama Serafina. Pombe yake ya komoni leo ilikuwa kali, inasimama yenyewe.

Wazee wakaniuliza kuhusu kisanduku. Nikawaeleza vizuri, na sahani, na kitanzi, na mashahidi wawili. Wakapiga miayo. Nikawaambia kina tumbo la pembeni, radi ikipiga kinakuwa tayari kina kitu cha kabla ya radi. Miayo ikaisha! Pankras, yule mwenye nyavu tatu na ndevu za beberu, akasogeza kigoda. Yaani, babu, kinajua kabla?

Nikamtazama. Nikanywa. Nikafuta mdomo. Nikasema: "Kabla."

Basi. Neno moja tu. Lakini ungeona nyuso zao! Sikumbuki mara ya mwisho kilabu kizima kilinyamaza kwa ajili yangu. Nimerudi nyumbani natembea katikati ya njia.

Jumatatu, 22 Januari 1996

Asubuhi, Pankras na wenzake mlangoni, wamevua kofia. Shikamoo babu, shikamoo babu, kama vile mimi ni Askofu. Wanataka kujua kisanduku kinasemaje kuhusu leo, watoke ziwani au wasitoke. Radi ya mwaka jana iliua wawili ndani ya mtumbwi mmoja, hawajasahau.

Injinia alikuwa ameenda Mbinga kutafuta mafuta ya jenereta. Nikafanya nini? Nikapiga magoti. Nikaweka sikio kwenye bati. Bati lina joto kidogo, linavuma kama nyuki wa mbali. Nikafumba macho. Kwa kweli nilikuwa nasikiliza goti langu la kushoto, lile lililovunjika nikichimba ngolo, yale mashimo ya shamba la kwetu. Goti lilikuwa linauma. Nikasema kwa sauti nene: "Msitoke."

Mchana radi ikapasua mkorosho pale ufukweni, mahali wanapoegeshea mitumbwi!

Jioni nimeletewa samaki, mbasa. Mnono, bado anatikisa mkia.

Bonifasia amemkaanga, akaniambia shemeji, dada yangu alijua wewe na uongo mnalalia mto mmoja, alilala katikati yenu miaka yote. Lakini alikula mkia.

Alhamisi, 25 Januari 1996

Nimekwisha! Goti limesema kweli mara tatu mfululizo. Wanakuja hata wanawake wanaoanika usipa. Nimeongeza madoido — naanza kwa kugonga bati mara mbili, "hodi".

Injinia amenikuta katikati ya hodi.

Hakugomba mbele yao. Alingoja wakaondoka, akakaa juu ya mizani iliyokufa, akanitazama kama mwalimu wa kike. Babu, hakijui kabla. Kinakumbuka kabla. Radi isipopiga hakina cha kukumbuka, na ikishapiga imeshapiga. Umewaambia nini hawa watu? Nikasema nimewaambia neno moja tu. Akasema hilo moja liondoe.

Nikasema nitaliondoa.

Akasema babu, si mchezo, mtu atakwenda ziwani kwa neno lako.

Nikasema nitaliondoa, mama. Nimeishiwa utani mbele ya macho yale. Yanafanana na ya mtu fulani.

Kisha akalainika, akanionyesha tatizo lake jipya. Kisanduku kikishika radi kinaanza kuandika kwenye diski. Kinaandika polepole, masikini, kama mimi. Na wakati kinaandika hakisikii kitu. Radi ya pili, ya tatu, zinapita kichwani pake, hakina habari. Jicho linabaki limewaka tu, halipepesi. "Kinapoandika, babu, hakisikii." Amesema hivyo kwa huzuni, kana kwamba ni mwanawe amezaliwa kiziwi.

Kesho anaenda Songea kutafuta betri na kupiga simu Dar. Atakaa wiki au zaidi, barabara ikimruhusu. Amerudia mlangoni: waambie watu. Nitawaambia. Nimalize kwanza huyu samaki, gege waliyeniletea.

Jumapili, 28 Januari 1996

Nimewaambia! Mashahidi wangu ni mchanga wote wa hapa Ngumbo. Watu wametoka kanisani kwao, nikasimama ufukweni, nikasema jamani, kisanduku hakijui kitu.

Pankras akacheka mpaka ndevu zikatetemeka. "Babu anabania! Amemkinai gege, sasa anataka mbasa kila siku." Wote wakacheka. Na mimi — nikacheka. Ni vigumu kusimama peke yako bila kucheka.

Kwa hiyo nimewaambia. Ila sidhani kama nimesema.

Jumanne, 30 Januari 1996

Moshi wa ziwani leo. Nguzo za vijidudu zimesimama juu ya maji, ndefu, zinatembea taratibu kama watu waliovaa kanzu. Hakuna sauti. Nimezitazama mpaka nikasahau mimi ni mkaa ufukweni au mtembea majini. Moja ilifika ufukweni, ikasambaratika, ikaingia ghalani, ikalifunika jicho jekundu. Vijidudu mia vikiwa na mwanga mdogo nyuma yao.

Hamna aliyekuja kuuliza. Goti kimya. Ziwa kimya.

Ijumaa, 2 Februari 1996

Leo ni siku ya mishumaa. Kwetu juu, padri anabariki mishumaa, kila nyumba inaweka wake darini, ngurumo ikianza unawashwa. Emerensiana, mtoto wa dada yangu huko Ukata, amenitumia mmoja kwa lori la wanunuzi wa kahawa, umefungwa kwenye jani la mgomba. Bonifasia ameuona, akasema Waroma mnataka kumwonyesha Mungu taa ili asijikwae. Nimeuweka juu ya kisanduku.

Sasa niandike lile jambo.

Mchana nililala. Nikaota — au sikuota, sijui inaitwaje. Nilikuwa mkekani, palepale, siku ileile. Nasikia mchele ukipepetwa, shaa, shaa. Macho yangu yamefumbwa lakini najua yeye yuko. Nikajua pia kwamba neno linakuja. Safari hii sitaamka! Nitabaki huku, upande wa kabla, nilisikie likitamkwa. Mchele ukaacha kupepetwa. Akavuta pumzi. Hilda akavuta pumzi ya kusema—

"Shemeji! Shemeji Kilian!"

Bonifasia. Ameshika mlango. Hakuwa na utani usoni. Kesho Meshack anakwenda Liuli kwa wakwe, kupeleka posa ya binti yao, Tereza. Njia ya juu haipitiki, mto umechukua daraja. Anakwenda na mtumbwi, peke yake, anakata ghuba pale pana, na nguo na jembe na kila kitu cha posa. Amesema shemeji, mimi nakucheka kila siku, lakini leo sicheki. Kiulize. Kesho kukoje?

Nami nilikuwa bado na ile pumzi masikioni! Ilikuwa bado haijapoa. Nikilala sasa hivi, nikafumba haraka, labda nitaikuta palepale ilipoachia. Sikupiga magoti. Sikuweka sikio. Goti lenyewe sikulishika. Nikasema, "Kimya. Kisanduku kimya. Aende."

Akasema asante shemeji. Asante! Bonifasia hajawahi kuniambia asante tangu nioe kwao.

Nikarudi mkekani. Pumzi haikuwepo. Nimelala mpaka jua limeinama, nimeota nguruwe wa mapadri.

Jumamosi, 3 Februari 1996

Goti limeniamsha kabla ya jogoo. Linawaka moto. Nikalibembeleza, nikalifunika, nikalitukana lile shimo la ngolo. Halafu nikamkumbuka Meshack.

Nimeshuka ufukweni nakokota mguu. Mtumbwi haupo. Pana mfuo tu kwenye mchanga, mrefu, wa tumbo la mtumbwi, unaingia majini na kuishia hapo.

Pankras alikuwa anashona nyavu. Nikamwambia una mtumbwi mwepesi na wapiga kasia wawili, mfuateni, mrudisheni. Kisanduku hakijui kitu! Lilikuwa goti langu siku zote, na jana hata goti sikuliuliza. Akatabasamu na sindano mdomoni. Babu, Jumapili hakijui, Ijumaa kinajua, leo hakijui tena? Samaki wako yuko nyumbani, nitamleta. Nikaapa. Nikaapa kwa Hilda! Hapo ndipo wakacheka hasa, wakashikana mabega. Maana kwa Hilda nimeapa juu ya kila uongo wa ufukwe huu.

Nikaenda kwa Bonifasia. Anapika kwa ajili ya kurudi kwa mwanawe, anaimba. Nikamwambia Bonifasia, nilikudanganya. Akasema najua, shemeji, tangu harusi. Nikamwambia ni kweli, safari hii ni kweli. Akanipa muhogo, akasema kaa ule, umeanza tena.

Ziwa lilikuwa limetulia kama maziwa kwenye bakuli. Hilo ndilo baya lake. Kule ng'ambo wingu limesimama, kichwa cheupe kama cha padri, tumbo jeusi. Nikarudi ghalani. Jicho likapepesa: moja. Kimya. Moja. Kimya kirefu. Moja, moja.

Mlangoni limening'inia rimu la lori, enzi za ushirika tuliligonga kuita watu. Nililigonga. Kama yuko karibu na nchi kavu atasikia, ataegesha. Niligonga mpaka mikono ikafa ganzi. Walikuja wanawake wenye vikapu, wakiuliza mnunuzi gani kafika. Wakanisonya, wakaondoka.

Mvua ikaanza kwa upepo. Ikaja nyeupe, inatembea juu ya maji. Nikawasha mshumaa wa Emerensiana.

Bonifasia ameingia. Ameloa kanga mpaka miguuni. Hakunitania. Hakutania hata mshumaa. Upepo ulipotaka kuuzima akauzungushia kiganja, na amekaa hivyo mpaka sasa, kwenye gunia tupu, kiganja chake chekundu kwa mwanga, kama kina taa ndani.

Amesema shemeji, kiulize yuko wapi.

Nikasema hakijui, Bonifasia. Hakijawahi kujua.

"Kiulize tu."

Ndipo nimeshika kalamu. Si kwa sababu ya shajara, nani anajali shajara. Siwezi kumtazama, na mikono yangu haina pa kwenda. Yeye hasomi. Anaona kalamu inatembea, anatazama kisanduku, anatazama kalamu, anadhani naandika majibu yake. Amengoja. Ameniuliza kimesema nini. Nimemwambia: bado.

Bado! Mzee mzima, maneno yote niliyosema kwenye ufukwe huu, na la kumpa ni hilo.

Pankras amepita mbio na wenzake, wamejitwika makasia, sura zimebadilika. Hawakuchungulia humu. Hawakuniuliza chochote. Kwa hiyo sasa wanaamini kwamba hakijui.

Radi juu yetu. Popo wote wameanguka toka darini, wanazunguka. Jicho jekundu halipepesi tena. Limewaka moja kwa moja. Kinaandika, kinaandika, radi inafuata radi na chenyewe kimeinama kwenye ile ya kwanza. Injinia angelia.

Naliwaza lile tumbo la pembeni. Kama na mimi ninalo, nataka kila kitu cha sasa kikae humo. Mvua hii. Kiganja hiki. Harufu ya nta. Kama kuna neno litakuja kutoka ziwani, safari hii litanikuta macho.

Bonifasia ameinua mkono ule mwingine. Ananiashiria. Eti nisikilize. Ameshika pumzi, shingo ameielekeza ufukweni, midomo imeachana kidogo — kama dada yake! Anasikia nini? Kasia? Watu? Mimi nasikia mvua tu, na kalamu hii inavyokwaruza.

Kinapoandika, hakisikii.

Naiweka chini